Maneno na Maana Yake: Kutapika

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Pumwani na Kaloleni hata Makongeni na Eastleigh, watu wa lugha nyingi hukaa ukuta kwa ukuta. Mtoto akishikwa na tumbo usiku, kila jirani hulitaja jambo hilo kwa neno la kwao. Mkikuyu husema gũtahĩka, Mkamba kũtavĩka, Mjaluo ng'ok, Msomali matag, na Mswahili kutapika.

Mwenye kusikiliza vema atatambua kwamba matatu katika hayo ni ndugu wa tumbo moja. Penye p ya Kiswahili, Kikuyu huweka h na Kikamba huweka v. Ndiyo sababu "hapa" kwa Kikuyu ni haha, na kwa Kikamba ni vaa.

Undugu wa namna hiyo umo hata katika lugha za mbali. Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, husema vomere, na humo Waingereza na Wafaransa walipata neno lao. Kigiriki cha kale husema emein na Kisanskriti vamati, nayo ni ya shina lilo hilo. Lakini Wahindi wengi husema ulti, maana yake kinyume, kwa kuwa chakula hurudi kilikotoka. Kiswahili nacho kiliita ugonjwa wa kolera kipindupindu, kutokana na kupindua.

Warumi walikuwa pia na neno vomitoria. Watu wengi hudhani kwamba hivyo vilikuwa vyumba vya walafi kwenda kutapika ili wale tena. Sivyo. Zilikuwa njia za kupitia watu katika viwanja vyao vya michezo. Aliyewahi kusimama nje ya Uwanja wa City, jirani na Kaloleni, mpira unapokwisha na umati ukimwagika kuelekea Jogoo Road, hahitaji kuelezwa zaidi.

Basi neno hili, ingawa halitajwi mezani, si la kuonewa haya mbele ya daktari. Mama akisema tu kwamba mtoto "hajisikii vizuri," nesi atapoteza muda kutafuta, na mtoto anayetapika na kuhara hukaukiwa na maji upesi sana. Yafaa aseme waziwazi: ametapika mara ngapi, tangu lini, matapishi ni ya rangi gani, yana damu au hayana, na mtoto alikojoa lini. Kama Kiswahili chamshinda, na aseme kwa lugha ya kwao, jirani atamfasiria.

Wala mtu asitishwe na majina marefu yaandikwayo hospitalini. Katika hospitali ya uzazi kama ile ya Pumwani, iliyofunguliwa mwaka 1926, mja mzito aweza kuona katika karatasi yake hyperemesis gravidarum. Neno la kwanza ni la Kigiriki, la pili la Kilatini, na maana yake ni kutapika kupita kiasi wakati wa mimba. Hali hiyo ina matibabu, mradi asikae nayo nyumbani.

Na mtoto aanzapo kutapika na kuhara, apewe maji yaliyokorogwa dawa ya pakiti ya chumvi na sukari, kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Akiyatapika, mama angoje dakika 10, kisha ampe tena kwa kijiko, polepole. Asipopata nafuu, apelekwe hospitali bila kungoja mapambazuko.