JEMBE SIO ADHABU: WATOTO WETU WANAIPITISHA MVUA NZIMA WAMEFUNGIWA NDANI

Leo sizungumzii presha wala sukari. Nazungumzia shule, na najua kuna mtu ataniambia nesi abaki wodini. Wodini nipo, ila watoto ninaowapokea wanatoka kwenye nyumba zenu na shule zenu, kwa hiyo tuvumiliane. Ni ndefu, nimeigawa vipande.

1.
Novemba ikiisha huku kwetu nchi inageuka. Mvua za kwanza zinapiga Loleza, vumbi lote la Oktoba linakufa, kumbikumbi wanatoka, pembeni ya barabara Mufindi kina mama wanapanga uyoga. Kule Kitulo maua yanaanza kufunguka, na yataendelea mpaka Aprili. Wazungu wana majira yao ya kuchipua, wanayasubiri kwenye theluji miezi na miezi, yakifika shule zao zinayafanyia sherehe kabisa. Ya kwetu ndiyo haya.

Sasa watoto wetu wakati huo wako wapi? Novemba mitihani. Desemba tuisheni ya likizo. Januari wamerudi darasani, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi, ubaoni kumeandikwa SEHEMU ZA MMEA. Mtoto anachora mzizi, anachora shina, anachora jani, anawekewa vema. Mmea wenyewe uko nje ya dirisha, hatua tano. Hakuna aliyemtoa akauone.

2.
Kuna shule zinaitwa Waldorf. Ya kwanza ilifunguliwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1919, kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara, na jina wamelitoa kwenye kiwanda hicho. Aliyeutengeneza mfumo wake anaitwa Rudolf Steiner. Siku hizi ziko dunia nzima. Dar es Salaam ipo Hekima, Nairobi ipo Mbagathi.

Mtoto mdogo kule hakimbizwi na kusoma na kuandika. Mpaka afike miaka sita, saba, anacheza, anaimba, anapika, anashika udongo, anasikiliza hadithi. Akifika kama darasa la tatu wanalima: wanapanda ngano, wanavuna, wanasaga, wanaoka mkate, wanakula pamoja. Msimu ukibadilika shule nzima inakusanyika na wazazi wanakuja. Na wazazi wengi wa Ulaya na Marekani wanalipia hayo, ada ya maana kabisa, ili mtoto wao arudi nyumbani ana matope kwenye magoti.

Nimesoma hayo nikacheka peke yangu. Sisi hayo tuliandikiwa Machi 1967. Mwalimu Nyerere kwenye Elimu ya Kujitegemea alitaka shule iwe jumuiya, iwe na shamba lake au karakana yake, wanafunzi na walimu wafanye kazi pamoja, na wanafunzi wawe na sauti kwenye kuamua mapato yatumikeje. Sio wanafunzi walime walimu wasimamie kivulini na fimbo. Pamoja!

(Kwenye mabano, kama nesi lazima niseme. Baadhi ya shule hizo za Waldorf huko nje zinajulikana kwa wazazi kukataa chanjo. Novemba 2018 shule moja ya Waldorf mjini Asheville, Marekani, ilipata tetekuwanga kwa wanafunzi 36. Bustani tuchukue. Hilo la chanjo tuwaachie wenyewe, na mwanao mlete kliniki.)

3.
Nani aliliua shamba la shule? Tuambiane ukweli. Tuliliua wenyewe, na silaha tuliyotumia ni neno moja: adhabu.

Umechelewa? Kalime. Umeongea Kiswahili kwenye shule ya Kiingereza? Kang'oe majani. Umefeli hesabu? Chukua jembe. Mtoto anafundishwa miaka saba mfululizo kwamba udongo ni mahali pa mkosaji, halafu akimaliza shule tunamwambia vijana mjiajiri kwenye kilimo. Atajiajirije kwenye adhabu?

Halafu mavuno. Hapa ndipo damu inapochemka. Kuna shule moja, jina naliacha, watoto wa jirani yangu walipanda maharage Januari, wakapalilia kwenye tope la Februari, wakavuna. Hawakuona hata kikombe kimoja jikoni pale shuleni. Mchana walikuwa wanaambiwa wazazi hawajachangia chakula. Mtoto wa miaka kumi hajasoma Elimu ya Kujitegemea, ila kuibiwa anakujua. Unadhani ataipenda tena kazi ya shambani?

Kwa hiyo mzazi anayesema "mwanangu hatalima shuleni" simshangai sana. Ameona alichokiona. Ila dawa ya wizi ni kumkamata mwizi. Shamba lina kosa gani?

4.
Yule mwingine namshangaa. Ni yule wa "nalipa ada milioni na kitu halafu mwanangu akashike udongo?"

Dada yangu, kaka yangu, kaa hapa. Mwanao ana miaka mitano. Anaamshwa saa kumi na nusu alfajiri, Juni ile ya Mbeya ambayo hata sisi wakubwa tunaogopa kutoa mguu nje ya blanketi. Basi la shule linamzungusha mji mzima. Anafika amelala. Anakaa kwenye kiti mpaka saa nane, uwanja wote umewekwa vitofali vya saruji ili asichafuke. Jioni homuweki. Saa tatu usiku anasinzia juu ya daftari na wewe unamfokea. Ukimleta kwetu unasema hali vizuri, kichwa kinauma, analia bila sababu. Sababu nimeitaja sasa hivi.

Serikali yenyewe mwaka 2023 ilibidi iseme bweni basi kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne. Mpaka tuandikiwe waraka kwamba mtoto wa chekechea alale kwao! Ina maana tulishapotea njia mbali sana.

Na kama unataka sayansi ya kigeni ndio uamini, ipo. Guangzhou, China, walichukua watoto wa darasa la kwanza, wakawaongezea dakika 40 tu za kuwa nje kila siku ya shule, kwa miaka mitatu. Matokeo yalitoka 2015: wasioona mbali walikuwa wachache kuliko wenzao waliobaki na ratiba ya kawaida. Dakika 40. Shamba la shule linakupa hizo bure.

5.
Sasa nakuja kwenye kilichonifanya niandike.

Utafiti wa taifa wa afya wa 2022 ulipima watoto walio chini ya miaka mitano. Udumavu nchi nzima asilimia 30. Iringa asilimia 56.9. Njombe 50.4. Rukwa 49.8. Mbeya wasicheke, wako kama wastani wa taifa, sio sifa hiyo.

Soma tena. Iringa, mkoa unaolisha nchi mahindi, zaidi ya nusu ya watoto wamedumaa. Magari yanapanda Kitonga, yanashuka Kitonga, yamejaa chakula chetu yanapeleka Dar. Mtoto wa aliyekilima anakunywa uji mweupe wa sembe asubuhi na ugali jioni, maharage yameuzwa, mayai yameuzwa, parachichi limechukuliwa na dalali likiwa bado mtini. Na mama yuko shambani mpaka jua lizame, nani amlishe mtoto mara tano kwa siku?

Sitadanganya kwamba bustani ya shule inaponya udumavu. Udumavu unaanza tumboni, na siku 1000 za kwanza zikipita, zimepita. Mtoto wa darasa la nne ameshachelewa. Ila yule binti wa darasa la nne ana mdogo wake wa miezi minane nyumbani, na mara nyingi yeye ndiye anayemlisha. Na baada ya miaka kumi hivi atakuja kliniki na mtoto wake mwenyewe. Nikimwambia changanya maharage na mboga za majani kwenye chakula cha mtoto, nataka awe anakijua ninachokisema. Nataka awe ameshapanda mnafu, ameuchuma, ameupika na karanga na wenzake, wakala wote wakaona ni kitamu. Sio kuuona mnafu kama chakula cha watu maskini, maana hilo nalo lipo, jamani lipo sana.

Bango la makundi ya chakula lipo kwenye kila kituo cha afya. Nimelielekeza kwa kidole miaka yote hii. Wanaitikia "ndio nesi" wanaenda zao.

6.
Haraka haraka, kwa wanaoogopa uchafu. Minyoo: choo kizuri, viatu, sabuni, na mtoto asifichwe siku ya dawa za minyoo shuleni. Funza wanapenda vumbi kavu, udongo uliolimwa ukamwagiwa maji sio nyumba yao. Pepopunda: ile chanjo ya wiki ya 6, 10 na 14 ina kinga yake ndani, na akijikata, maji na sabuni halafu aje kituoni, asipakwe kinyesi cha ng'ombe wala majivu.

Na uyoga. Bibi zetu walijua upi unaliwa na upi unaua. Mjukuu hajui, kwa sababu msimu ule bibi anachuma yeye alikuwa tuisheni. Atautambulia wapi?

7.
Ninachotaka sio kikubwa. Januari kila darasa lipewe kipande. Maharage yanakomaa kama miezi mitatu, kwa hiyo aliyepanda Januari anavuna mwenyewe kabla muhula haujaisha. Kipande cha mita 15 kwa 6, mahindi sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo: haya, mistari mingapi, mashimo mangapi? Mistari 8, mashimo 50 kila mstari, jumla 400. Hiyo ni hesabu, tena mtoto ataihesabu kwa miguu yake. Mbegu na ushauri Uyole wapo, wanahangaika na maharage na viazi kwa faida yetu miaka mingi, wafuateni. Mpandeni gari mmoja mwende Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005 kwa sababu ya maua, watalii wanatoka Ulaya kuja kuyaona na mtoto wa Mbeya hajawahi kufika. Bibi mmoja wa mtaani aalikwe aonyeshe mbegu zake na azungumze kwa lugha yake. Chekechea wao wacheze tu kwenye tope, hiyo ndiyo kazi yao.

Jembe litolewe kwenye orodha ya adhabu, liandikwe kabisa kwenye sheria za shule. Mwalimu naye alishike, walau kwa nusu saa. Na siku ya mavuno chungu kiinjikwe palepale uwanjani, wazazi wawepo, watoto wale kwanza.

Kikao cha wazazi kikiitwa, usiende kuuliza matokeo ya mtihani tu. Nyoosha mkono, taja jina lako, uliza: maharage ya mwaka jana yalikuwa debe ngapi, na nani aliyakula?