Kabla ya ngeli, wafundishwe "sijalipa"

Jina Atlabara limetokana na Kiarabu: "toka nje". Katika mtaa huo wa Juba, kama ilivyo kwenye masoko mengine ya mji, mzigo uliopita Elegu na Nimule huuzwa kwa Kiarabu cha Juba, Kiswahili, Kiingereza na Luganda, mara nyingine lugha zote katika mapatano ya bei moja.

Msemaji wa Kiswahili hupenda kucheka akisikia "unga mazuri" au "vitunguu mzuri". Kosa hilo halimpotezei mtu hata shilingi. Katika Kiarabu cha Juba sifa kwa kawaida haibadiliki: kwes ni kwes, iwe kwa unga, vitunguu au mtu, na mnunuzi anaelewa.

Hasara iko kwenye kitenzi na kukanusha. Kiswahili kina "sikulipa", "sijalipa", "silipi" na "sitalipa". Mwenye duka aliyeokota Kiswahili barabarani husema "mimi hapana lipa" kwa zote nne. Aliyemkopesha asikie ipi? "Sijalipa" inakiri deni na kuacha mlango wazi. "Silipi" ni ugomvi. Mganda huelewa tofauti hiyo haraka, maana Luganda nayo ina sinnasasula, yaani "sijalipa bado".

Anayetoka Kenya au Uganda naye ana mtego wake. Katika Kiarabu cha Juba, kitenzi cha tendo kikisimama peke yake hutaja jambo lililokwisha: ana jibu ni "nilileta". Wakati ujao unataka bi: ana bi jibu, "nitaleta". Kukanusha ni kutanguliza ma: ana ma jibu, "sikuleta", ana ma bi jibu, "sitaleta". Mkenya anayeimeza hiyo bi kana kwamba ni kikohozi tu, amekiri kufikisha mzigo ambao bado uko Eldoret.

Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na mwaka 2021 wakuu wa nchi walikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Walimu wakifika Juba na chati za ngeli kama za darasa la tatu, watawapotezea wafanyabiashara muda. Waanze na hizo kanusho nne. Nao wauzaji wa Kampala na Nairobi wafundishwe ma na bi kabla ya kupakia lori. Kwa sasa, anayekopesha mzigo Atlabara aandike kwenye karatasi tarehe ya kuuchukua na tarehe ya kulipa, pande zote mbili zitie sahihi.