Maneno ya Muganga: «Enterite» ni ugonjwa gani?

Wengi wenu mu kampi na mu site munarudi kutoka dispanseri na karatasi ya Kifaransa: «enterite», «kolite», «gastroenterite». Munauliza jirani, naye anajibu: «Aa, ile ni amibe tu, nunua dawa.» Mwingine anashusha sauti na kusema ni ugonjwa wa kutupiwa. Wote wawili hawakuelewa ile karatasi.

Neno ni la Kigiriki. Enteron maana yake ni utumbo. Lile «-ite» la mwisho, waganga wanalitia kwa kusema: hapa pamewaka, pamevimba, panauma. Ndiyo maana tuko na apandisite, gastrite (ule mufuko chakula inafikia kwanza), hepatite (maini). Enterite kwa kawaida ni ya utumbo mudogo, kolite ni ya utumbo mukubwa, na enterokolite inashika yote mbili. Ninyi wa mugodi mutasema: lakini malakite na eterojenite ni mawe! Ni kweli. Wagiriki walitumia mwisho huo kwa mawe na kwa magonjwa vilevile. Musiogope, hakuna malakite mu tumbo ya mutu. Luka naye, alipoandika habari za baba ya Publio kule Malta (Matendo 28), alitumia neno la ukoo huu, lile tunaloita disenteri.

Sasa shikeni hili, maana hapa ndipo watu wanapotea. «Enterite» inasema pahali panapoumwa. Haisemi nani amepawasha. Ni kama mutu anakuja mbio kukuambia: nyumba inaungua. Umejua ni nyumba gani, lakini haujajua kama ni makala ao ni waya ya umeme.

Kwa watoto wadogo, mara nyingi ni virusi, kama rotavirusi, na antibiotiki haiui virusi hata kimoja. Shigela inapenda utumbo mukubwa na inaleta damu, amibe vilevile. Tifoide inashika utumbo mudogo na inaweza kuutoboa: mwisho wa 2004 na mwanzo wa 2005, kule Kinshasa, wagonjwa wengi walipatwa na shida hiyo. Kolera ndiyo inashangaza. Inatoa maji kuliko zote, lakini utumbo wenyewe hauwaki sana. Ni sumu ya mikrobe ndiyo inafungulia maji. Basi mutu anaweza kuhara mpaka kufa, na enterite ya kweli hakuna.

Kwa hiyo anayeingia farmasi na kusema «nipe dawa ya enterite» anaomba kitu ambacho hakiko. Atapewa kitu tu, muuzaji hakosi cha kuuza! Na wakati ule mutoto anaendelea kukauka. Mara nyingi ni maji kutoka mu mwili ndiyo inaua mutoto. Mumupe SRO kidogo kidogo, hata akitapika. Kama pakiti haiko: litri moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa, visipande kama kilima. Chumvi ikizidi ni hatari. Maziwa ya mama isikatwe. Zinki apewe siku 10 mpaka 14: miligramu 10 kila siku kama hajafikisha miezi 6, miligramu 20 kama ameipita.

Na lavema, wamama! Ninajua bibi zetu waliipenda. Lakini utumbo umekwisha kuwaka, ninyi munautilia pilipili? Mutoto anayekauka, munamutosha tena maji? Acheni ile. Vidonge vya kufunga tumbo navyo musimupe mutoto, na hata mukubwa asivimeze kama anahara damu.

Mukipewa tena karatasi ya namna ile, musitoke upesi. Ulizeni infirmiye: imeletwa na nini? Laboratwari imeona nini mu choo? Hii dawa inaua kitu gani? Anayejua kazi yake hatakasirika. Lakini kama kuna damu, ao tumbo limekuwa gumu kama ubao, ao mutoto hakojoi na macho imeingia ndani, musingojee asubui.