Si Kila Mwenye Miguu Minane Ni Buibui

Mwanafunzi akiona kiumbe mwenye miguu minane, mirefu na myembamba, humwita buibui, na aghalabu mwalimu humkubalia. Lakini kuna kundi jingine, ambalo wanasayansi huliita Opiliones, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya mchungaji wa kondoo. Viumbe hawa hawana tezi za sumu, hawafumi utando, wala viwiliwili vyao havikubanwa kiunoni kama vya buibui. Spishi zinazojulikana duniani zinazidi 6,500, ilhali Kiswahili hakijawapa jina lililozoeleka.

Mnamo 1973, mwanazuolojia Mjerumani Jochen Martens alitangaza jenasi mpya ya viumbe hawa kutoka milima ya Nepal, akaiita Himalphalangium. Jina hilo limeunganisha Himalaya na Phalangium, jenasi iliyojulikana tangu enzi za Linnaeus. Spishi yake mojawapo iliitwa dolpoense, kutokana na Dolpo, eneo la mabonde yaliyo juu sana milimani. Kwa hiyo jina lenyewe linatufahamisha jamaa za kiumbe huyo na makao yake.

Hata hivyo, jina halitoshi. Anayetangaza jenasi mpya sharti aeleze inavyotofautiana na nyingine, ateue spishi ya kuiwakilisha, na sampuli zihifadhiwe ili wengine waje kuhakiki. Bila ushahidi huo, jina ni sauti tupu.

Wala si lazima jina litoke Ulaya. Kima aliyetangazwa mwaka 2005 kutoka nyanda za juu za kusini mwa Tanzania aliitwa kipunji, jina walilomwita wenyeji wa Mlima Rungwe. Mwaka 2006 alipewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Wenyeji walikuwa wakimtambua kabla ya maabara.

Hapa ndipo walimu wetu wa biolojia na wa Kiswahili wanapopaswa kushirikiana. Wanafunzi wa Taita, Elgon na Mlima Kenya na wawaulize wazee majina ya viumbe wadogo wa misituni, wayaandike pamoja na maelezo ya umbo na makao, ndipo tuamue ni lipi lifae kuingizwa kamusini. Wahenga walinena kuwa usilolijua ni usiku wa giza. Misitu inafyekwa na wazee wanatutoka. Tukichelewa, tutapoteza kiumbe pamoja na jina lake.