Maji Hayasomi Vyeti

Nimefundisha kwa miaka 36, na katika miaka hiyo nimewaaga vijana wengi waliotoka mikononi mwangu na vyeti vizuri. Leo nataka kusema jambo ambalo baadhi ya walimu wenzangu hawatalipenda: wengi wa vijana wale tuliwadanganya. Tuliwaambia kwamba wameelimika, ilhali hawakuweza kufunga nati mbili chini ya sinki pasipo kumlowesha jirani. Msomaji asidhani natia chumvi. Jirani aliyeloweshwa namjua, na aliyemlowesha ni mwanangu wa kumzaa.

Mwaka 2019 mimi na mama yake tulikwenda kumtembelea katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, alikokuwa akiishi ghorofa ya pili. Chini ya sinki lake palikuwa na mashine ya kusaga mabaki ya chakula, kitu cha kawaida katika majiko ya nchi ile. Aliyeibuni ni John W. Hammes, msanifu wa majengo wa mji wa Racine, jimbo la Wisconsin, mwaka 1927, akapewa hataza yake mwaka 1935. Ndani hamna visu, kama wengi wanavyodhani. Mna sahani inayozungushwa na mota, na juu yake vipande vya chuma vinavyokisukuma chakula kwenye pete yenye meno, kikasagika na kwenda na maji. Mashine ya zamani ilikuwa imechakaa, na wiki moja kabla hatujafika mwanangu alinunua mpya akaifunga mwenyewe.

Siku ya tatu ya ugeni wetu mlango uligongwa. Alikuwa mama mmoja mzee wa ghorofa ya chini, ameshika picha ya harusi yake ndani ya fremu. Maji yalikuwa yamepita sakafuni siku kadhaa bila sisi kujua, yakashuka kwenye ukuta wake. Picha ilikuwa imelowa, na sura ya marehemu mumewe imegandia kioo. Hakufoka. Alituonyesha tu, akauliza kama tulikuwa na habari. Mwanangu, mwenye shahada mbili, alikosa la kusema.

Nikapiga magoti mbele ya kabati la sinki. "Baba, acha," akaniambia, "nitaita fundi." Nikamjibu, "Fundi utamwita, mwanangu, lakini kwanza nionyeshe ulichofanya."

Alikuwa amefanya makosa matatu, na nayaeleza kwa sababu hayo ndiyo hoja yangu. La kwanza, mabomba ya plastiki ya kutolea maji alikuwa ameyazungushia utepe mweupe kwenye nyuzi, kisha akakaza nati kwa spana mpaka moja ikapasuka. Alidhani nati ndiyo inayozuia maji. La hasha! Katika maungio ya namna ile kinachozuia maji ni washa iliyo ndani. Nati kazi yake ni kuikandamiza tu. Utepe pale haufai kitu, na nguvu ya ziada huharibu. Washa ikikaa sawa, hukazwa kwa mkono, kisha huongezwa kidogo tu kwa spana.

La pili lilikuwa juu, pale mashine inapong'ang'ania tundu la sinki. Puti ya zamani hakuikwangua yote. Aliipaka mpya juu ya uchafu. Tena zile skrubu tatu za kubana aliikaza moja hadi mwisho ndipo akaifuata nyingine, pete ikakaa upande. Skrubu za namna hiyo hukazwa kwa zamu, kidogo kidogo, mpaka puti ichungulie pande zote kwa usawa.

Kosa la tatu ndilo kubwa kuliko yote: hakujaribu. Alifungua bomba, akaona maji yanakwenda, akafunga mlango wa kabati na kuondoka.

Basi tulizima umeme kwenye swichi kuu, tukafungua kila kitu na kuanza upya, mimi nikielekeza na yeye akifanya. Tulipomaliza tuliziba tundu, tukajaza sinki hadi juu, tukangoja. Kisha tukapitisha karatasi laini kavu kwenye kila kiungio, kwa kuwa karatasi huona tone ambalo jicho halilioni. Tukayaachia maji yote kwa mpigo. Tukarudisha umeme, tukaiendesha mashine huku maji yakipita, maana mtikisiko wa mota huyafichua yale ambayo maji yaliyotulia huyaficha. Asubuhi tukapitisha karatasi tena. Ilikuwa kavu. Na mwenye mashine kama ile akumbuke: maji yakitoka juu, kosa ni la puti au pete, yakitoka ubavuni, ni la mpira wa bomba la kutolea, yakitoka tumboni mwa mashine yenyewe, mipira ya ndani imekwisha, na mara nyingi dawa ni kununua nyingine.

Nani alinifundisha mimi haya? Mashine ile sikuwahi kuifunga maishani. Lakini mwaka 1973, nikiwa chuo cha ualimu, tulisoma chini ya kivuli cha Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Mwalimu Nyerere wa mwaka 1967. Mkufunzi wetu wa ufundi alitupa kazi ya kuunga mabomba ya tangi la bweni, na hakuandika alama hata moja mpaka tangi lilipokaa na maji usiku kucha. Waliovujisha walirudia. Hakuna aliyelia kwamba ameonewa, maana maji yalikuwa pale sakafuni, kila mtu anayaona.

Najua nitakayojibiwa. Wapo watakaosema: kila mtu na kazi yake, msomi na amlipe fundi. Na amlipe! Lakini asiyejua kazi inavyojaribiwa atajuaje kama amefanyiwa kazi au ametapeliwa? Wengine watasema mashine hiyo si yetu. Hapo nakubali. Kwangu mimi mabaki ya chakula ni ya kuku na ya shimo la mboji, na mwenye shimo la maji taka akiyasagia humo atalijaza upesi. Hata New York, mashine hizo zilikatazwa katika sehemu kubwa ya jiji hadi mwaka 1997, kwa kuhofia mabomba ya maji taka. Lakini bomba la shule linalotiririka muhula mzima, huku mwalimu wa fizikia akilipita kwenda kufundisha kanieneo ya maji, hilo nalo si letu?

Sasa niseme lililo zito kwangu. Mwaka 1996 nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari iliyokuwa na karakana: meza, majiliwa, misumeno, patasi. Wazazi walitaka darasa jingine la kuwaandaa watoto kwa mtihani. Nilitia saini, karakana ikawa darasa. Vifaa viliingizwa stoo, vikatoweka kimoja kimoja. Matokeo yalipanda, nikapongezwa. Mwanangu alikuwa kidato cha pili shuleni hapohapo. Kwa hiyo ninapowalaumu walioondoa mikono katika elimu, wa kwanza katika orodha ni mimi.

Mtaala wa mwaka 2023 umeleta mkondo wa amali katika sekondari zetu. Naupokea kwa mikono miwili, ila naogopa jambo moja. Tusipoangalia tutawafanya watoto wakariri majina ya spana, wachore washa kwenye karatasi, wapate alama za juu, na bomba la uani liendelee kuvuja. Wakuu wa shule mlioko kazini, nawasihi mfuate kanuni ya mkufunzi wangu: pasiwe na alama kabla maji hayajalala.

Yule mama ukuta wake ulikaushwa na kupakwa rangi, na mwanangu alilipa gharama zote. Picha aliipeleka kwa watu wa kutengeneza picha za zamani. Walimrudishia, wakamwambia kwamba ile sura ikibanduliwa kwenye kioo itachanika. Mwanangu aliposhuka kumwomba radhi mara ya pili, alikuta fremu imerudishwa ukutani palepale, na kioo chake.