Mchagua Jembe Ndiye Mkulima

Wahenga wetu walisema mengi ya hekima, lakini walisema pia machache ambayo afadhali wangeyameza. Mojawapo ni hili: mchagua jembe si mkulima. Nimelisikia tangu utotoni. Nimelisikia likitamkwa na viongozi mikutanoni, na wakaguzi wa shule, na wakubwa wa ofisi wanapowanyamazisha walio chini yao. Mtu akisema kwamba meza yake imevunjika mguu, au kwamba chumba anachofanyia kazi kina giza, huambiwa mara moja: mchagua jembe si mkulima. Mazungumzo yakaishia hapo.

Mimi nasema methali hii haikutungwa na mkulima. Njoo kwetu Maretadu, Mbulu, siku za kuandaa mashamba, ujionee. Mkulima hafungi nira maksai wowote tu. Hutafuta jozi inayolingana kimo na nguvu, huikagua nira isije ikawachubua shingo, huutazama wembe wa plau kama bado unakata. Hata jembe la mkono hulichagua. Huligonga dukani asikilize mlio wake, kisha huchonga mpini unaolingana na urefu wake mwenyewe. Na mahindi yakidumaa, hasemi kwamba mbegu ni mvivu. Huuliza udongo umechoka kiasi gani, maji yalituama wapi, kivuli cha mti kilifika wapi. Lakini mtu huyu huyu, mwanawe akipata kazi ya ukarani au ya ualimu na kazi isiende vizuri, ghafla huusahau udongo na kuilaumu mbegu.

Hoja yangu ni moja. Kazi ikienda vibaya, kabla hatujamwita mtu mvivu, tupakague kwanza pale anapofanyia kazi. Sisemi kwamba wavivu hawapo. Wapo, nami nimefanya kazi nao. Nasema kwamba hatuwezi kuwatambua mpaka tuwe tumeondoa yale yanayomfanya hata mwenye bidii aonekane mvivu.

Nisizungumze kama mtu aliye safi. Katika miaka ya tisini, Mbulu ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Arusha, nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi ya huku kwetu. Jina lake silitaji. Ofisi ya walimu ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, na walimu tulikuwa saba. Dirisha halikuwa na kioo wala ubao. Anayeijua baridi ya Mbulu ya mwezi Julai ataelewa: upepo uliingia moja kwa moja, na daftari za watoto tuliziwekea mawe juu yake zisipeperuke. Chumba hicho ndicho kilichokuwa ghala la majembe na magunia ya mahindi ya shule. Humo ndimo wazazi walimopokelewa, na humo ndimo watoto watukutu walimoletwa kuadhibiwa.

Alikuwapo mwalimu kijana aliyefundisha hisabati madarasa ya juu. Alikuwa akichelewesha daftari za wanafunzi hata wiki mbili, na nyingine alizitia vema ukurasa mzima bila kuzisoma. Nilimwandikia barua ya onyo, nikatumia neno "uzembe". Aliisoma amesimama, maana hakikuwapo kiti cha kumkaribisha. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mwalimu Mkuu, nisahihishie wapi?" Nilimjibu kwa methali ile ile. Hakuongeza neno. Mwisho wa mwaka aliacha ualimu.

Baadaye mwenzake aliyepanga naye nyumba aliniambia kwamba kijana yule alikuwa akisahihisha usiku, ameinamia ndoo iliyopinduliwa, kwa mwanga wa kibatari, mpaka mafuta yakaisha. Mimi nilikuwa nimeona daftari zilizochelewa tu. Ile ndoo sikuwahi kuiona, kwa sababu sikuwahi kwenda kutazama.

Mwaka uliofuata mzazi mmoja, fundi seremala, alitugongea vibao vya dirisha vya kufungua na kufunga. Tulihamishia magunia kwenye chumba kingine, tukazisogeza meza zikapata mwanga, na tukakubaliana kwamba wazazi wapokelewe barazani na watoto waadhibiwe kwingine. Hakuna zaidi ya hapo. Walimu walikuwa wale wale, na mshahara ulikuwa ule ule wa kuchelewa. Daftari zikaanza kurudi madarasani siku ya pili yake, zimesomwa kweli. Sikuwa nimemhubiria mtu bidii hata mara moja. Hapo nikajua kwamba niliyemfukuza kwa barua yangu hakuwa mzembe, nikajua pia mzembe alikuwa nani.

Taifa letu lina deni la namna hiyo hiyo. Tangu Uhuru tumekuwa hodari wa kaulimbiu za kazi. Tulianza na "Uhuru na Kazi". Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvukazi, na watu wakakamatwa mijini kwa kosa la kuonekana hawana kazi. Mwaka 2015 tukaambiwa "Hapa Kazi Tu", na mwaka 2021 "Kazi Iendelee". Sizidharau. Lakini zote humsemesha mtu. Hakuna hata moja inayoisemesha meza yake. Sheria tunayo: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inagusa usafi, msongamano, hewa na mwanga mahali pa kazi. Nani amewahi kuisikia ikisomwa katika ofisi ya kijiji?

Tukiamua, tunaweza. Mwaka 2016, baada ya ada kufutwa na watoto kufurika mashuleni, Rais Magufuli aliwaagiza wakuu wa mikoa na wilaya wamalize upungufu wa madawati. Bunge lilitoa shilingi bilioni 6 lilizobana katika matumizi yake, na mafundi wakaranda mbao nchi nzima. Katika miezi michache watoto wengi waliokuwa wakikaa sakafuni walipata mahali pa kukaa. Hakuna aliyewaambia wale watoto kwamba mchagua dawati si mwanafunzi. Basi kwa nini tunamwambia mwalimu wao?

Najua nitakavyojibiwa. Wazee wenzangu watasema, "Sisi tulisoma chini ya mti, na mbona tumefika hapa?" Kweli, tumefika. Lakini wanaosema hivyo ni wale tu waliofika. Wenzetu tuliokaa nao chini ya mti ule, mvua ikatufukuza, vumbi likatuumiza macho, wakakata tamaa darasa la tatu, hawaalikwi kwenye mkutano kutoa ushuhuda. Mti haukutusomesha, tulisoma ingawa tulikuwa chini ya mti.

Wasomi wa menejimenti wana hoja ya pili. Watanikumbusha majaribio ya kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, yaliyoanza mwaka 1924. Husimuliwa kwamba taa zilipoongezwa wafanyakazi walizalisha zaidi, na zilipopunguzwa wakazalisha zaidi vile vile. Kwa hiyo, wanasema, mtu hutaka kuthaminiwa tu, mwanga si kitu. Wanaosimulia hivyo husahau mwisho wa hadithi. Taa zilipopunguzwa mno, kazi ilishuka. Na wachumi waliozipekua upya takwimu za taa zile, wakachapisha matokeo yao mwaka 2011, waliona kwamba dai lile maarufu lina msingi dhaifu. Hata tukilikubali, kumthamini mtu kwa maneno huku umemwacha kwenye upepo ni kuthamini kwa namna gani?

Hoja ya tatu ndiyo nzito: umaskini. Hatuna fedha. Hii siibezi. Kioo ni fedha, meza ni fedha, na umeme una bili yake. Lakini nikumbuke nyumba ya bibi yangu mzaa baba. Nyumba ilikuwa ya udongo, na ndani mlikuwa na giza hata mchana. Lakini jiwe lake la kusagia halikuwekwa gizani. Liliwekwa pale mwanga wa mlangoni ulipofika, limeinamishwa kwa mwinamo aliouchagua mwenyewe, na mbele yake pana kipande cha ngozi cha kupigia magoti. Asingekubali mtu alisogeze. Wala wakati anasaga watoto hatukuruhusiwa kupita mbele yake. Bibi hakuwa na senti, na menejimenti hakupata kuisikia. Alijua tu kwamba unga hutoka kwa mikono pamoja na mahali mikono ilipo.

Kwa hiyo nawaomba wakubwa wa kazi, wa serikali na wa watu binafsi, jambo dogo lisilohitaji bajeti. Siku mtakapokwenda kukagua ofisi ya mtendaji wa kijiji, au zahanati, au shule, msiiandikie taarifa yenu ndani ya gari wala nyumba ya wageni mjini. Ikalieni kwenye kiti cha yule mnayemkagua, mezani pake, saa za kazi, watu wakiingia na kutoka. Iandikeni yote mpaka mwisho. Mkifika kwenye sentensi ile tuliyoizoea, "aongeze bidii", tazameni kwanza mwandiko wenu umekuwaje.

Na wewe kijana uliyeniuliza usahihishie wapi, kama kitabu hiki kitakufikia popote ulipo, jibu langu la siku ile nalifuta. Ulikuwa na haki ya kuchagua jembe.