Bustani Isiwe Lango la Ubatizo



Juma lililopita mama mmoja alifika ofisini kwangu akiwa amembeba mtoto wa miezi saba. Hakuwa na barua ya jumuiya. Nilipomwuliza sababu, alitazama chini akasema kwamba anadaiwa Jumamosi nne za bustani ya parokia, yaani shilingi 20,000, na ameambiwa kuwa barua ya ubatizo itaandikwa akishalipa. Mama huyu huuza maandazi stendi tangu alfajiri. Saa mbili asubuhi, sisi tunapokusanyika na majembe yetu, yeye hajauza hata nusu ya ndoo.

Nasema bila kuzunguka: jambo hili ni kosa, wala si kosa dogo. Nami sina pa kujificha, maana faini hiyo ilipopendekezwa katika Halmashauri ya Walei nilikuwapo, nikanyamaza, nikidhani ni njia tu ya kuwahimiza watu.

Kanuni ya 843 ya Sheria za Kanisa inakataza wahudumu kuwanyima sakramenti wale wanaoziomba kwa wakati ufaao, walio na maandalizi yanayostahili na wasiozuiwa na sheria. Kanuni ya 848 inaagiza kwamba wahitaji wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Jembe halikutajwa popote. Mjumbe mmoja, mtu msomi na rafiki yangu, amenijibu kwa Kanuni ya 868, inayodai pawepo tumaini la msingi kwamba mtoto atalelewa katika dini Katoliki. Akauliza: tumaini hilo tutalionaje kwa mzazi asiyeonekana kazini? Namjibu kwamba tutaliona pale anapoonekana. Mama huyu hakosi Misa ya kwanza ya Jumapili, na zamu yake ifikapo, jumuiya husali nyumbani kwake. Tangu lini imani ikahesabiwa kwa matuta?

Wengine wamenikumbusha maneno ya Mtume Paulo kwa Wathesalonike juu ya wasiotaka kufanya kazi. Wayasome tena. Paulo aliwakemea waliokula jasho la wenzao; anayeamka usiku wa manane kukanda unga si mmoja wao. Na ikiwa tunatafuta habari za shamba, zipo katika Matendo ya Mitume, sura ya 5. Petro anamwambia Anania kwamba kiwanja kilikuwa mali yake, na hata baada ya kukiuza, fedha zilikuwa katika uwezo wake. Hatia yake ilikuwa uongo. Katika jumuiya ile ya kwanza, iliyoshirikiana vyote, hakuna aliyeshurutishwa kutoa.

Nchi yetu inajua shamba la amri huzaa nini. Chini ya utawala wa Wajerumani, watu wa kusini na pwani walilimishwa mashamba ya pamoja ya pamba, wakisimamiwa na maakida na majumbe, kwa ujira usiofaa kitu. Julai 1905, huko Umatumbi, waling'oa mipamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Simfananishi mwenyekiti wa jumuiya na akida. Angenuna, na angekuwa na haki. Lakini hata baada ya Azimio la Arusha la 1967, wakati nia ilipokuwa njema, wazee wetu wanasimulia jinsi walivyolima kwa bidii shamba la nyumbani na kulikwaruza lile la kijiji. Mkono hujua umeletwa au umekuja.

Nendeni mkaione bustani yetu wenyewe. Tulianza na watu tisa, na mchicha ulivunwa kabla ya mwezi kwisha, ukapelekwa kwa wagonjwa na wazee wasio na wa kuwatunza. Tangu faini ianze, majina katika daftari yameongezeka, mboga zimepungua. Watu huja kutia sahihi. Miche hung'olewa pamoja na magugu. Samadi mbichi ilimwagwa juu ya miche ya nyanya, ikaungua yote. Maji humwagwa saa sita, jua likiwa utosini, kwa sababu ndipo zamu inapoishia.

Nautambua uchovu wa wale tisa. Wameinamisha migongo huku wengine, nikiwamo mimi mwenyewe Jumamosi nyingi, wakipita na kusifia tu. Malalamiko yao ni ya haki, na yanastahili jibu lililo bora kuliko faini. Kwa nini tuling'ang'ania Jumamosi saa mbili? Mboga hupenda maji ya jioni. Mlinzi wa usiku anaweza kumwagilia saa kumi na moja kabla ya kwenda lindoni, na muuza maandazi vivyo hivyo. Wapo wasioweza kabisa. Wazee wanaopelekewa mchicha huo hawashiki jembe, na hakuna aliyewahi kuwatoza.

Kwa hiyo nimeamua, na Halmashauri nimeiarifu. Waliolipa faini watarudishiwa fedha zao na mhazini. Mtoto yule atabatizwa pamoja na wenzake, na barua yake nimeiandika mimi. Bustani itakuwa wazi kila siku jioni kuanzia Jumatatu. Majembe yako stoo nyuma ya sakristia, na ufunguo unao katekista. Daftari la mahudhurio nimelichukua, liko kabatini kwangu.